Miezi Sita kwa Hesabu ya Tannian

Dublin, 28 Septemba 1968

Dada Dympna,

Usihangaike kunifulia jezi. Nimesimamishwa miezi sita, kuanzia jana.

Waliniita mbele ya kamati ya kaunti ya chama chetu cha michezo ya jadi ya Kiayalandi, wanaume saba nyuma ya meza moja, na jagi la maji ambalo halikuguswa kwa kuwa wote walikuwa wamekwisha kunywa njiani. Mwenyekiti, yule muuza mbegu mwenye shingo ya bata mzinga, akasoma barua isiyo na jina. Inasema Jumapili ya Matawi, tarehe 7 Aprili, Lorcan Hanniffy wa Kiltarragh alionekana uwanjani hapa Dublin akitazama soka.

“Ni kweli, Bwana Hanniffy?”

“Ni kweli.”

“Unaijua sheria?”

“Naijua. Mwanachama haruhusiwi kucheza wala kutazama soka, ragbi, kriketi au hoki, kwa kuwa ni michezo ya Waingereza na inaweza kutuambukiza.”

“Hakuna aliyetaja maambukizi.”

“Basi nieleze inadhuru vipi. Nilitazama dakika tisini za watu wazima wanaoogopa kuushika mpira kwa mikono, na nilitoka pale mzima.”

Hakucheka hata mmoja. Wakanipa miezi yangu sita, na nilipokuwa nachukua kofia mmoja wao akanifuata mlangoni kuuliza kama naweza kumpelekea mchanga wa kujengea zizi wiki ijayo, kwa bei ya kirafiki.

Nataka niliandike jambo hili, si kwa sababu hulijui bali kwa sababu nikiliona kwenye karatasi naamini kweli limetokea. Nina miaka thelathini na mitatu. Tangu nikiwa na kumi na minane naichezea parokia michezo yote miwili: Jumapili hii magongo yetu ya Kigaeli, wala si hoki ya Waingereza, kwa Batty Tannian, Jumapili ijayo mpira wetu wa Kigaeli kwa Packie Glennon. Tannian anasema mpira ni wa watu wasioaminika wakipewa gongo. Glennon anasema magongo ni ugomvi wa baa uliohamishiwa kwenye nyasi. Miaka kumi na mitano nimewatii wote wawili, nimeendesha lori kutoka Dublin na kurudi, na nishani nilizonazo ni sifuri. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, parokia imeingia fainali zote mbili za kaunti: mpira tarehe 6 Oktoba, magongo tarehe 20. Hakuna mtu wa Kiltarragh aliyewahi kubeba vikombe viwili mwaka mmoja. Mimi ningekuwa wa kwanza. Mwakani miguu hii haitakuwa nami.

Watu hao saba hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa kitu. Nilianza na lori moja lisilo na mlango. Leo nina manne, na milango yote inafungwa. Halafu nahukumiwa na muuza mbegu.

Kilichobaki ni kumjua aliyeandika. Wanasema barua imetoka kwa mlinzi wao, mmoja wa wale wanaotumwa kwa siri kwenye viwanja vya soka kuangalia nani anaangalia. Yaani katika Ayalandi nzima watu wenye ruhusa ya kutazama soka ni wale walioteuliwa kuichukia. Lakini wewe ulikuwa nami siku ile. Je, uliona mtu yeyote tunayemfahamu? Mimi nakumbuka baridi tu, na wewe ukiuliza kila mara kama imekwisha.

Ndugu yako,
Lorcan


Kiltarragh, 2 Oktoba 1968

Lorcan,

Barua yako imefika Jumatatu, lakini habari ilifika Jumapili, ikapanda na kila mtu hadi altareni. Padri alihubiri kuhusu Yuda. Hakutaja jina, ila alitazama viti vya nyuma walikoketi watu wa Glennon, na watu wa Glennon wakageuka kuwatazama watu wa Tannian.

Packie Glennon amekuja kwangu na kofia mkononi kama mtu aliyefiwa. Nilimpa chai. Alisema, “Dympna, nimepoteza mkono wa kulia.” Nikamwambia bado anao, nimeuona ukichukua kipande cha tatu cha mkate. Tannian hajaja. Amefunga baa siku nzima ya Jumatatu, jambo ambalo halijatokea hata siku za mazishi, maana mazishi nayo ni biashara yake na wafiwa wake hunywa kwake. Watu walioniambia wanasema alikaa ndani na majeneza yake hata hakuwasha taa.

Hapana, sikuona mtu ninayemfahamu. Siku ile sikutazama watu. Nilitazama saa.

Goti lako litapumzika, angalau. Najua hutaki kusikia. Nimeshaandika.

Nimekufumia soksi. Utazivaa hata kama huchezi.

Dada yako,
Dympna


Dublin, 21 Oktoba 1968

Bwana Tannian,

Nitaanza na matokeo, maana wewe ni mtu wa kusahau yale yasiyokupendeza.

Tarehe 6, mpira: tulifungwa kwa pointi mbili. Glennon alimweka kwenye nafasi yangu kijana wa posta, ambaye aliupokea mpira kama anayepokea kifurushi, akausaini na kuurudisha.

Jana, magongo: Kiltarragh goli 2 na pointi 9, Clooncarra goli 3 na pointi 6. Goli moja ni sawa na pointi tatu, kwa hiyo kumi na tano kwa kumi na tano, sare. Nilikuwa nimesimama nyuma ya lango, nimelipa kiingilio kama mtalii. Mlipata mapigo ya adhabu saba na yote ukampa mpwa wako. Mawili yalipita. Moja lilimgonga padri. Hayo mengine sijui yaliko, na nadhani hata yeye hajui. Mimi ningefunga sita nikiwa nimefumba jicho, na leo ungekuwa unakinywea kile kikombe.

Sasa tuje kwenye barua isiyo na jina. Nilijiuliza nani anafaidika nisipocheza. Si Glennon, aliyepoteza fainali. Si Clooncarra, wao hawana mtu anayeweza kuandika mistari mitatu bila kuhitaji kupumzika. Kisha nikachukua kalenda. Nilitazama soka tarehe 7 Aprili. Hesabu miezi sita kutoka siku hiyo: unafika tarehe 7 Oktoba. Fainali ya mpira ilikuwa tarehe 6. Fainali ya magongo, tarehe 20. Kwa hiyo aliyeandika alitaka niukose mpira kwa tofauti ya siku moja tu, kisha niwe huru, nimepumzika, miguu mibichi, tayari kwa magongo. Katika kaunti nzima kuna mtu mmoja wa namna hiyo, naye huuza bia mbele na majeneza nyuma.

Ila adhabu, Tannian, huanza siku ya kikao, si siku ya kosa. Ingeanza Aprili, mechi zote nilizocheza kiangazi kizima zingekuwa batili, pamoja na nusu fainali yako, na fainali hiyo uliyonitunzia usingekuwa nayo. Hukuliona hilo. Mtu anayepima maiti kila wiki, hajawahi kukosea urefu wa jeneza hata inchi moja, ameshindwa kusoma kalenda ya ukutani kwake mwenyewe. Ulimtegea Glennon, ukatunasa sote watatu.

Na jambo la pili. Kuniona pale, lazima nawe ulikuwepo. Batty Tannian, ambaye mwaka 1961 alimfukuza kijana baani kwa kupiga mluzi wimbo aliousikia kwenye mechi ya ragbi, alikuwa amesimama Dublin akitazama soka. Natamani ningekuona. Ningekununulia bendera.

Hili ndilo ninalotaka. Jumatatu tarehe 4 Novemba rufaa yangu inasikilizwa na baraza la mkoa. Kitabu cha sheria, ambacho nimekisoma kuliko wao, kinasema taarifa za namna hii zitapokelewa kutoka kwa walinzi walioteuliwa tu. Kamati ilidhani barua imetoka kwa mlinzi. Ukienda ukasema imetoka kwako, na kwamba ulikuwa mtazamaji kama mimi, kesi inakufa palepale na tarehe 10 ninacheza mechi ya marudio. Wewe utapewa miezi sita yako. Siku hiyo hutakanyaga uwanjani, hutakaa kwenye benchi, hutapiga kelele zile zako. Umekingoja kikombe hiki miaka ishirini na miwili. Chagua: mimi ndani na wewe nje, au sote nje.

Lorcan Hanniffy


Kiltarragh, 24 Oktoba 1968

Lorcan,

Barua niliiandika mimi. Sitazunguka.

Kuhusu kalenda, umenishinda, na naomba usilisambaze hilo, maana nina wateja wanaoniamini na vipimo. Kuhusu mpwa wangu, padri ameshasamehe.

Nilitaka kikombe. Unajua ni lini tulikibeba mara ya mwisho. Baba yako alikuwa golini na meno yake yote. Nilikuona msimu huu ukimpa Glennon nusu ya nguvu zako kwa ajili ya mchezo ambao ng'ombe angeucheza kama angekuwa na vidole, na nikaona uchungu. Nilidhani nakopa Jumapili moja tu. Niite mchoyo, sitakataa.

Nitakuwepo tarehe 4.

B. Tannian


Kiltarragh, 25 Oktoba 1968

Bwana Tannian,

Baa yako naiona kutoka dirishani kwangu, lakini nikivuka barabara kuja kwako mara ya pili mwaka huu, kufikia jioni parokia nzima itakuwa imetufungisha ndoa. Kwa hiyo naandika.

Mwezi Septemba nilikuja kwako kwa sababu moja. Daktari wa Dublin alimwambia Lorcan kwamba goti lake halitabeba fainali mbili. Lorcan hakumwambia mtu. Mimi niliisoma karatasi ya daktari nilipokuwa natoa vitu mifukoni mwake kabla ya kufua koti. Nilikuomba umzuie mchezo mmoja, wowote, mpira au magongo, nisingejali hata ingekuwa ni kuwakimbiza kuku. Ulinikaribisha chai, nikastarehe, nikakuhadithia jinsi alivyonipeleka kwenye soka Jumapili ya Matawi na jinsi nilivyoganda. Tulicheka. Sikukuambia uchukue kalamu.

Leo nimepata barua yake kwamba amekutaka tarehe 4 ukaseme ulikuwepo pale. Hukuwepo. Tulikuwepo sisi wawili, mimi na yeye. Waambie ukweli: kwamba umeyasikia kwangu. Hiyo nayo si taarifa ya mlinzi, kesi itakufa vilevile, nawe hutasimamishwa. Mimi hawawezi kunifanya kitu. Mimi si mwanachama wa chochote isipokuwa jiko hili.

Dympna Hanniffy


Kiltarragh, 26 Oktoba 1968

Dympna,

Hapana.

Unamjua ndugu yako kuliko mimi, lakini nimemfundisha miaka kumi na mitano na nimeona anavyoweka kinyongo. Mdogo wake Glennon alimnyima pasi mwaka 1959. Hadi leo akimkuta barabarani anamsalimia mbwa wake. Akijua kwamba ni wewe, atalipa fundi akujengee paa jipya na hatalala tena chini yake.

Wewe una ndugu mmoja. Mimi nina baa. Nilipoandika ile barua sikuandika kwa ajili ya goti tu, nilikitaka kikombe, kwa hiyo hasira yake imefika kwa mtu anayestahili, hata kama si kwa njia aliyodhani. Nitasema nilikuwepo.

Tatizo ni kwamba sijawahi kuona soka maishani, hata kwenye televisheni. Inapoanza huwa natoka nje. Lakini usinijibu kunifundisha. Yule mwanamke wa posta huziinua bahasha kwenye mwanga, na hii nampa mpwa wangu akuletee mkononi. Nitajitahidi. Mchezo ni mchezo.

Batty


Dublin, 5 Novemba 1968

Dada Dympna,

Rufaa nimeshinda. Jumapili nacheza. Keti chini usome yaliyobaki.

Tannian alikuja amevaa suti ya mazishi. Wazee watano wa baraza walimjua wote. Wawili amewazikia wake zao. Akasimama, akasema barua aliandika yeye, kwamba si mlinzi, kwamba alikwenda Dublin tarehe 7 Aprili kwa miguu yake na kutazama soka kwa macho yake. Dada, walimtazama kama vile amekiri kuua. Mzee mmoja akavua miwani.

“Batty,” akasema, “wewe?”

“Mimi.”

“Mwanzo hadi mwisho?”

“Mwanzo hadi mwisho.”

“Ulipenda?”

“Sikupenda, lakini nilikaa.”

Nilikuwa nafurahia kuliko nilivyofurahia kitu chochote tangu ninunue lori la pili. Nilimwangalia yule mtu mkubwa akigeuka rangi ya nyama ya nguruwe iliyochemshwa, nikasema moyoni, ndiyo, zidi kuiva. Ndipo mwenyekiti wa baraza, ambaye nadhani alitaka tu kuandika kitu kwenye kumbukumbu, akamwuliza matokeo yalikuwa nini.

Tannian akafikiri. Akakunja uso, kama anavyofanya akikumbuka deni la mtu, akajibu: “Wenyeji walishinda. Goli mbili na pointi nne.”

Mwenyekiti akaandika. Goli mbili na pointi nne. Wazee watano, wenye jumla ya miaka karibu mia nne, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba kwenye soka hakuna pointi. Unafunga goli, au hufungi, basi. Nilikuwa mtu pekee chumbani aliyejua, na nilijua kwa sababu ndiyo kosa lenyewe nililoshitakiwa. Wakampa miezi sita kwa kutazama kitu ambacho hajawahi kukiona.

Nilikubali hukumu, nikatoka, nikapanda lori. Nimefikiri njia nzima. Batty Tannian hakuwepo. Hakuna aliyekuwepo tunayemfahamu. Wewe mwenyewe umeniandikia hivyo. Kwa hiyo waliojua kwamba nilikuwa pale ni wawili. Mmoja ni mimi, na mimi sikumwambia.

Hukutazama watu, ulitazama saa. Nimekuelewa.

Kwa miaka kumi na mitano kila Jumamosi ya mechi nimelala katika chumba changu cha zamani hapo kwako. Jumamosi hii nimepanga chumba mjini, karibu na uwanja. Usiniwekee chakula.

Lorcan


Kiltarragh, 7 Novemba 1968

Lorcan,

Lala unapotaka. Chumba cha mjini kina godoro la nywele za farasi na mwenye nyumba anayekohoa. Nawajua.

Ndiyo, nilimwambia. Hukuniuliza kwa nini, kwa kuwa unajua. Nilisoma karatasi ya daktari. Nilikuuliza jikoni mwezi Agosti kama goti linauma, ukasema, “Dada, wewe pika.” Nikapika. Miaka kumi na mitano napika, nafua jezi mbili za rangi mbili, naosha bandeji, na kila Jumapili jioni napokea mtu mmoja aliyegawanywa na wapumbavu wawili, kila mmoja akinirudishia nusu aliyokwisha kuitumia. Glennon hajawahi kuniuliza goti likoje. Tannian alijua kwa sababu nilimwambia, na alichofanya alikifanya kijinga, kwa njia ya Tannian, lakini alikifanya. Wewe mwenye malori manne unamwita mjinga kwa kushindwa kusoma kalenda. Wewe umeshindwa kusoma goti lako mwenyewe, na liko karibu nawe kuliko kalenda.

Alikwenda kudanganya mbele ya baraza ili usijue ni mimi. Nilimkataza. Alisema nina ndugu mmoja.

Sikuombi msamaha. Ningefanya tena, isipokuwa ningekwenda kwa mtu anayejua kuhesabu.

Jumapili nitakuja uwanjani, kwa basi la parokia. Nitasimama ninaposimama siku zote. Ukitaka kunitazama, tazama. Ukitaka kutazama mpira, ndivyo unavyofanya siku zote.

Dympna


Hospitalini, 13 Novemba 1968

Dada,

Ulikuwepo, uliona, kwa hiyo sitasimulia mechi. Lakini kuna hesabu ambazo huwezi kuziona kutoka pale unaposimama.

Kiltarragh goli 1 na pointi 14. Clooncarra goli 2 na pointi 10. Kumi na saba kwa kumi na sita. Katika pointi zetu kumi na nne, tisa ni zangu, na kati ya hizo tisa, mapigo ya adhabu ni saba, ambayo ni idadi ileile aliyopewa mpwa wa Tannian, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kulinganisha. Goti lilikwenda dakika kumi kabla ya mwisho. Nilisikia kabla ya kuhisi, kama mtu anayevunja kijiti kikavu chumba cha pili. Sikuomba kutoka, kwa sababu aliyekuwa benchini ni mpwa wa Tannian. Nilisimama kona kwa mguu mmoja, na beki wa Clooncarra aliyekuwa akinilinda, ambaye alikuwa nayo yote miwili, hakujua aitumie kwa kazi gani.

Daktari wa hapa amelifungua na kulifunga. Ni kijana, ana mikono mizuri, hajui mchezo wowote. Nilimwuliza kama lingeweza kubeba mechi mbili. Alicheka kwa adabu. Akasema, “Bwana Hanniffy, humu kulikuwa na mechi moja.” Nikamwambia arudie. Akarudia. Basi nimepiga hesabu, kwa kuwa humu hakuna kingine cha kufanya. Ningecheza tarehe 6, goti lingekwenda tarehe 6. Kwa Glennon. Kwa kikombe cha mchezo ambao, sasa naweza kusema kwa kuwa sitaucheza tena, sijawahi kuupenda nusu ya ninavyopenda magongo. Na tarehe 20 ningekuwa kitandani humu, na tarehe 10 ningekuwa kitandani humu, na nishani zangu zingebaki sifuri.

Kwa hiyo hesabu yenu ilitoka sawa. Imepitia njia mbovu, imekosea kila mstari, imemsimamisha mtu asiye na hatia na kumwachia mwenye hatia, na imefika kwenye jibu sahihi. Hilo linaniudhi kuliko goti.

Chumba cha mjini kilikuwa kibaya kama ulivyosema. Mwenye nyumba alikohoa hadi asubuhi, na kwa kuwa nilikuwa macho nilikuwa na muda wa kuisoma barua yako tena, ambayo sikupanga kuisoma zaidi ya mara moja.

Wameniambia kwamba Tannian alikuja Jumapili hadi ukuta wa nje wa uwanja, kwa kuwa ndani haruhusiwi, akasimama barabarani kwenye mvua, akihesabu kwa sauti za watu. Wanasema firimbi ya mwisho ilipolia alimwuliza mtu aliyekuwa juu ya ukuta ni ngapi, na alipoambiwa akaenda nyumbani kwa miguu. Maili sita. Hilo ni jambo la kipumbavu kwa mtu wa umri wake mwenye gari la maiti lililoegeshwa nje ya kanisa.

Nitatoka Jumatatu. Sitaweza kupanda ngazi, kwa hiyo chumba cha juu hapo kwako hakitafaa. Shusha kitanda jikoni. Nitakuwa njiani unapopika na utanilaumu kila siku, nimejiandaa.

Njoo Jumamosi, saa za wageni ni kuanzia saa nane. Na umlete Tannian. Mwambie sijamsamehe, asijipendekeze, na asivae ile suti, humu ndani watu watafikiri amekuja kazini. Ila wakimwita tena mbele ya baraza lolote, sitaki atuaibishe. Nina karatasi na penseli hapa, na nina mchana mzima. Nitamfundisha jinsi soka inavyohesabiwa.

Lorcan